Amplifaya ya Mtani

Kwaya yetu ya Kibakwe ilikuwa na gitaa moja la umeme na waimbaji arobaini, na waimbaji arobaini walikuwa wanalimeza lile gitaa. Damas, mwenyekiti wetu, ndiye aliyelipiga. Aliinama juu yake kama mwanamke anayesaga ulezi kwenye jiwe, jasho linamtoka, na walioketi benchi la tatu hawasikii kitu. Ndiyo maana mwaka ule wa tisini na tatu tuliamua kununua amplifaya ya kulipaza sauti, tuiwashe kwa jenereta ya misheni.

Tulilima kwa watu. Kwaya nzima tulikwenda kwenye shamba la mwenye uwezo, tukapalilia karanga zake huku tunaimba, na malipo yakaingia katika kopo moja la maziwa ya unga. Kopo hilo nililitunza mimi, kwa sababu nilikuwa mzee kuliko wote, na chumbani mwangu hakuna aliyeingia ila mjukuu wangu Debora.

Debora alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama yake alimwacha kwangu hajaota meno, akaondoka na dereva wa lori, hakurudi. Tangu mdogo alikuwa mtu wa kufungua vitu. Alifungua kufuli, alifungua saa ya mchungaji, akafungua redio ya marehemu mume wangu na kuirudisha ikiwa inasema vizuri zaidi. Nikampeleka Mpwapwa kwa fundi Athuman, mtu wa Kondoa aliyekuwa na kibanda cha redio karibu na stendi. Athuman alimfundisha miaka mitatu na hakumtuma hata siku moja kumfulia nguo. Sijasahau hilo.

Aliporudi Kibakwe watu walianza kumletea redio zao. Alizitengeneza juu ya kitanda changu, kwa sababu meza hatukuwa nayo, na mbuzi wakipita mlangoni vumbi lote linaingia ndani ya redio ya mtu. Alichokitaka ni chumba. Na chumba kilikuwepo: stoo ya kanisa, yenye dirisha linalotazama barabara na mlango unaofungwa. Ndani yake kulikuwa na majembe manne tu na benchi lililovunjika.

Jumapili moja baada ya ibada, Damas alisimama mbele yetu sote.

"Kwa kuwa Debora anasema ni fundi," alisema, "tutakwenda naye Dodoma. Akituchagulia chombo kizuri, stoo ni yake, aweke meza yake humo. Akituchagulia kibovu, asiguse tena waya wowote wa kanisa hili. Tumekubaliana?"

Watu wakapiga makofi.

"Maana mama yake aliondoka na dereva," akaongeza, "tusije tukasikia huyu naye ameondoka na betri."

Watu wakacheka. Debora naye alicheka kidogo, kwa adabu. Nilikuwa nimesimama karibu yake, nikaona vidole vyake vimeshika upindo wa kitenge na kuukunja, anaukunjua, anaukunja tena.

Huko Dodoma kulikuwa na mzee aliyeitwa Batholomeo Kihwele, wa mtaa wa Majengo. Alikuwa mpiga gitaa wa bendi ya kampuni moja ya serikali. Miaka ile makampuni mengi yalikuwa yanafungwa au yanauzwa, na kampuni yake ilipofungwa, wanabendi hawakupewa haki zao. Waligawana vyombo. Mmoja alichukua ngoma, mwingine matarumbeta, Kihwele akapata amplifaya. Sasa alikuwa anaiuza.

Tulifika kwake saa nne asubuhi, Damas na gitaa lake begani, Debora na mimi, kopo langu nimelifunga katika kanga na kulikumbatia kama mtoto. Tulipiga hodi. Akatoka mtu mrefu mwenye mvi, kaptura ya kaki, miguu mitupu.

"Shikamoo babu," Debora alisema.

"Marahaba mjukuu. Mmetoka wapi?"

"Kibakwe," Damas akajibu.

Uso wa yule mzee ukachanua, akatusalimu kwa Kigogo. "Wagogo! Mbukwenyi! Kumbe nyumba yangu imeingiliwa. Mke wangu, ficha sufuria, Wagogo wamekuja, na kopo lao wamebeba!"

Kwa asiyejua, sisi Wagogo na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana vita hadi wakachoka, na baada ya hapo wakakubaliana kutukanana: sisi tunawaita wala mbwa, wao wanatuita ombaomba. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo ndugu yako akikuambia mtagombana mpaka kaburini, nawe unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa. Hata kwenye msiba wako mtani anakuja kumcheka marehemu, na unampa chochote ili aondoke.

Damas alikuwa hodari wa utani. "Kamwene, mzee," alimsalimu kwa Kihehe. "Tumekuja kumtafuta mbwa wetu. Kapotea tangu juzi, na mimi naona midomo yako ina mafuta."

"Huyo mmechelewa. Ningewabakishia mkia."

Wakacheka, wakapigana mabega. Kisha Kihwele akaniona mimi nimesimama. Aliacha kucheka mara moja, akaingia ndani, akatoka na kiti cha mgongo, kiti chake mwenyewe kilichokuwa na mto wa kitambaa chekundu. Akaupigapiga ule mto kutoa vumbi. "Keti hapa mama. Safari ya kutoka kule inavunja kiuno." Akaniletea maji katika kikombe cha bati, na kabla ya kunipa akakisuuza mara mbili. Nilikunywa nikasema moyoni, huyu mtu ana wema.

Amplifaya ilikuwa kwenye chumba cha nyuma, imefunikwa kwa shuka. Alipoifunua, Damas alivuta pumzi. Lilikuwa sanduku kubwa linalofika kiunoni, limevishwa ngozi nyeusi ya bandia, lina kitambaa cha fedha mbele na vishikio vinane vyenye kung'aa. Pembeni kulikuwa na bamba dogo lenye jina.

"Ya mwaka themanini na mbili," Kihwele alisema. "Ndivyo tulivyoambiwa ilipoletwa."

Debora alipiga magoti mbele yake kama anayesali. Hakuiwasha. Alisogeza pua kwenye matundu ya nyuma, akanusa, akahama, akanusa tena.

"Huyu binti ananunua samaki?" Kihwele akauliza.

"Mvumilie," Damas alisema. "Kwao hawajui kitu mpaka wakinuse."

Debora alifungua skrubu za nyuma moja moja na kuzipanga juu ya leso kwa mpangilio zilivyotoka. Aliweka viganja viwili kwenye karatasi ya spika, akaisukuma ndani taratibu, sikio kando, akisikiliza kama inakwaruza. Haikukwaruza. Halafu akawasha tochi na kutazama nyuma ya vile vishikio vya kuzungusha, mahali ambapo pana vibati vidogo vyenye namba. Akasoma namba, akafuta vumbi kwa kidole, akasoma tena.

"Babu," alisema, "hii si ya themanini na mbili. Ni ya sabini na tatu. Wiki ya ishirini na nne."

Kihwele alimtazama. "Nani kakwambia?"

"Imeandikwa. Tarakimu mbili ni za mwaka, mbili ni za wiki waliyotengeneza hiki kishikio. Vyote vinane vinasema hivyohivyo. Na spika nayo. Bamba la jina limetoka kwenye chombo kingine, angalia, matundu ya skrubu hayalingani."

Sabini na tatu. Mwaka huo sisi tulikuwa bado tunaezeka nyumba zetu mpya baada ya kuhamishiwa vijijini. Mjukuu wangu alikuwa na miaka miwili, na sasa alikuwa anamwambia mzee wa watu umri wa chombo chake. Nilijisikia vizuri kiasi kwamba nilitazama chini.

Kihwele hakukasirika. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema polepole, "Miaka yote nimepiga hicho chombo, sikujua kama kina tarehe ya kuzaliwa."

"Ya zamani si mbaya," Debora akasema. "Fundi Athuman anasema za miaka ile walizitengeneza kwa chuma kizito. Hizi za transista hazina zile taa za kioo za kuvunjika. Ila nataka nione hapa."

Akaelekeza tochi ndani kabisa. Kulikuwa na bati nene lenye mapezi, la kupozea joto, na juu yake vitu viwili vya chuma, vya mviringo, kila kimoja ukubwa wa sarafu kubwa. Akatuita tuone.

"Hizi ndizo transista zinazosukuma spika. Zinafanya kazi mbili mbili, kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Lazima ziwe pacha. Hii moja ina skrubu zenye kutu na namba ya zamani. Hii nyingine ina skrubu mpya, na namba nyingine. Pacha mmoja alikufa, wakamweka mtoto wa jirani."

"Inapiga haipigi?" Damas aliuliza.

"Inaweza kupiga."

"Basi washa, tupige!"

Wakaiwasha. Ilinguruma kidogo kisha ikatulia. Damas akachomeka gitaa lake, akapiga, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye mto mwekundu nilihisi sauti inapita chini ya miguu yangu. Majirani wakaja mlangoni. Damas alipiga wimbo wetu wa Pasaka wote, macho amefumba. Sijawahi kumwona na uso mzuri namna ile. Alipomaliza aliikumbatia amplifaya kwa mikono miwili.

"Bibi Loisi," aliniambia, "fungua kopo."

"Bado," Debora akasema. "Tuiache iwake saa moja, na tuipige kwa sauti kubwa. Hizi ambazo si pacha hazionyeshi ubaya zikiwa baridi. Moja ikipata moto kuliko mwenzake inamvuta na mwenzake. Nataka kuishika ikiwa ya moto."

Kihwele akainuka kwenye ndoo. Akapiga makofi mawili, akanyoosha mikono kama mhubiri.

"Sikilizeni, Wagogo! Mimi mtani wenu nawaambia kweli. Hii ni maiti! Ikipata moto inakufa. Mimi nimeshaizika mara mbili, mara ya kwanza Singida, mara ya pili hapahapa Dodoma kwenye harusi ya mtu mkubwa, na bwana harusi alilia kuliko bibi harusi. Mnanunua maiti! Nyie si mmezoea kuomba? Ombeni basi Mungu aifufue!"

Majirani mlangoni waliangua kicheko. Damas alicheka mpaka akashika ukuta. "Maiti!" alisema. "Basi tupunguzie bei, na sisi tutakupa mbwa wa matanga!"

Hata mimi nilicheka. Nilicheka, na machozi yakanitoka.

Debora peke yake hakucheka. Alikuwa bado amepiga magoti, bisibisi mkononi, anamtazama Kihwele.

"Babu, ni kweli?"

"Mjukuu, umeona wapi mtani akaapa?"

Kicheko kikaanza upya.

"Imekufa mara mbili?" Debora akauliza tena. "Walibadilisha hii transista ilipokufa mara ya pili?"

"Ondoka hapo," Damas alimwambia, na sasa alikuwa hacheki. "Mtu anakutania wewe unamfanyia upelelezi. Unatuaibisha. Mzee, msamehe, huyu amelelewa na bibi, hajui mambo ya watu."

Wakati huohuo mke wa Kihwele alileta chakula. Ugali, mlenda, na bakuli dogo la nyama. Hatukutegemea mtu wa mjini atupikie mlenda. Kihwele mwenyewe alininawisha mikono, na nyama ile laini isiyo na mfupa aliisogeza upande wangu, maana alikuwa ameona meno yangu yalivyopungua. Nilikula. Debora alikula matonge mawili akanawa.

Tulipomaliza, Damas alisema basi la mwisho la Mpwapwa linaondoka saa nane.

"Nipeni saa moja tu," Debora akasema. "Tukilikosa basi tutalala stendi. Mimi nitalala chini." Akanigeukia. "Bibi. Kopo liko kwako. Nipe saa moja."

Wote wakanitazama. Damas alikuwa ameshafunga waya wa amplifaya, ameukunja vizuri. Kihwele alikuwa anapangusa kile kikombe nilichonywea maji.

Nilifikiri hivi, na nitayasema kama yalivyokuwa. Nilifikiri: mtu huyu ametukaribisha, ametulisha, amenipa kiti chake. Tukikaa hapa saa nzima tumekitolea macho chombo chake, tukikishika kama mgonjwa anayepimwa homa kwa kiganja, tutakuwa tumemwita mwongo ndani ya nyumba yake, chakula chake kikiwa bado tumboni. Na nilifikiri: mtu ambaye kweli anauza kitu kibovu hawezi kukitukana mbele ya wateja. Mwizi husifia.

"Mjukuu wangu," nilisema, "mwenyeji wetu ametulisha. Tusimkalie kama askari."

Nikafungua kanga, nikatoa kopo, nikalimwaga mapajani mwa Kihwele.

Debora alirudisha skrubu zote mahali pake, moja moja. Hakuna aliyemsaidia kushika tochi.

Kibakwe wakati ule hakukuwa na umeme. Damas aliiweka amplifaya nyumbani kwake sebuleni, akaifunika kitambaa cha meza, na watu walikwenda kuiona. Debora alikwenda mara mbili kuomba aipime kwa jenereta ya misheni. Mara ya kwanza Damas alimwambia mafuta ya jenereta si ya kuchezea. Mara ya pili alimwacha mlangoni mpaka jioni, kisha akatuma mtu kusema amelala.

Basi Debora akamwandikia karatasi. Niliiona, ilikuwa na mistari mitatu. Usiipandishe sauti kupita nusu. Baada ya nyimbo mbili izime, iachie dakika kumi. Usiisogeze ukutani, nyuma yake pawe wazi. Alimpa Damas mkononi. Damas aliitumia kuwashia jiko. Hilo niliambiwa baadaye na mke wake, Tereza, ambaye alikuja usiku kuniambia na akaniomba nisimtaje. Alikuwa mtu mwema, na sasa ni marehemu, kwa hiyo namtaja.

Jumatatu ya Pasaka kwaya kumi na moja zilikutana Mpwapwa. Uwanja ulijaa. Tulikuwa wa saba. Wenzetu wa kwaya nyingine walipoona amplifaya inapandishwa jukwaani walinyamaza, na sisi tuliovaa kanga mpya tukanyoosha migongo. Damas aliisukuma mpaka ukutani ili isimzuie kupita. Akazungusha kishikio cha sauti mpaka mwisho.

Wimbo wa kwanza watu walisimama. Wa pili walicheza. Nilimtafuta Debora kwa macho nikamwona yuko chini ya jukwaa, haimbi, anaitazama amplifaya kama mtu anavyotazama chungu kilicho karibu kufurika. Kati ya wimbo wa pili na wa tatu alipanda ngazi mbili akamwambia Damas jambo. Damas alimsukuma kwa kiwiko.

Katikati ya wimbo wa tatu ilipiga kelele kama nguruwe aliyebanwa mlangoni. Kelele haikukata. Ilikuwa kubwa kuliko sauti zetu arobaini, tukaacha kuimba mmoja mmoja. Kisha ikanguruma, ikanyamaza, na moshi mwembamba ukatoka kwenye kile kitambaa cha fedha. Harufu ilitufikia sote.

Halafu mtu akasema kwa sauti, "Kibakwe wameanza kuchoma ubani!" na kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele mpaka kwenye viti vya wachungaji.

Damas alishika kipaza sauti. Angeweza kusema neno lolote. Alisema, "Ndugu zangu, tusameheni. Fundi wetu aliyekichagua chombo hiki ni yule pale, mwenye kitenge cha kijani. Debora, simama wakuone."

Alikuwa tayari amesimama. Watu wakageuka. Wengine walimnyooshea kidole. Mtu mmoja akauliza kama hata uzi ameshawahi kuutia kwenye sindano. Debora alisimama hapo mpaka wote walipomaliza kumwona, kisha akatoka uwanjani taratibu. Nje ya uwanja palikuwa na mama muuza chai, Mwanne. Huyo alimvutia kigoda, akampa kikombe cha chai, na alipotaka kulipa akamkunjia vidole juu ya hela yake. Nilipowafikia nilimshukuru mama yule. Akaniambia, "Asiseme kitu, anywe tu."

Kikao kilifanyika Jumapili iliyofuata. Damas alisema Debora alikichunguza chombo kwa muda mrefu, alikinusa, alisoma namba zake, akafungua skrubu zote, na hatimaye kikanunuliwa. Kila neno lilikuwa kweli. Akasema, kama tulivyokubaliana, asiguse tena waya wowote wa kanisa.

Nilisimama. Magoti yaliniuma lakini nilisimama. Nilisema, "Si yeye. Yeye alikataa. Aliomba saa moja, na mwenyekiti alimkemea, na mimi ndiye niliyemwaga kopo. Kosa ni langu na la mwenyekiti."

Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mmoja wao akaja akanishika mkono kwa upole mkubwa na kunikalisha. "Bibi, tunajua unavyompenda," alisema. "Nani asiyejua? Kaa, upumzike." Wengine wakatikisa vichwa kwa huruma. Walinihurumia kabisa. Hakuna aliyeniamini.

Damas akasema, "Bibi yetu tunamheshimu," na wakaendelea na mambo mengine. Wiki hiyohiyo aliiomba stoo aweke marobota yake ya mitumba, kwa muda tu. Majembe manne yalitolewa nje.

Nilikwenda Dodoma peke yangu. Sikumwambia Debora. Kihwele alinitambua kutoka mbali, akaingia ndani, akatoka na kile kiti chenye mto mwekundu. Safari hii hakutania. Nilimweleza yote, na jinsi moshi ulivyotoka.

"Wimbo wa ngapi?" aliuliza.

"Wa tatu."

Akatikisa kichwa. "Imejitahidi. Kwangu haikufika wa tatu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Mama, niliwaambia. Nilisimama pale, mbele ya majirani zangu, nikasema ni maiti, nikataja na mahali nilipoizika. Sikuwaficha kitu."

"Ulituambia kwa utani."

"Ndiyo."

"Ulijua tutacheka."

Alitazama vidole vyake kwa muda. Viwili vilikuwa vimekakamaa, havikunjiki; siku ya kwanza sikuviona. "Nilijua," alisema. "Nilikuwa sijalipwa miezi kumi na tisa, mama. Nilishindwa kuwadanganya watu wa kanisa, nikashindwa pia kuwaambia. Nikawaambia hivyo. Yule binti peke yake ndiye aliyesikia. Nilipoona amesikia niliogopa."

Sikumdai fedha. Nilimwomba jambo moja, aje Kibakwe asimame mbele ya kwaya aseme kwamba Debora alijua na aliuliza. Nauli ningempa mimi.

Alicheka, lakini taratibu. "Mhehe aje kutoa ushahidi kwa Wagogo? Nikifungua mdomo tu watashika mbavu." Kisha akasema, "Na wasipocheka, watanifunga. Siji, mama."

Aliponisindikiza alinipa mkate mzima, ameufunga kwenye gazeti, nile njiani. Mkate ulikuwa wa siku ile, bado una joto. Niliuchukua. Basi lilipofika Mbande niliumega nikaula, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Nilimweleza Debora yote usiku ule: nilivyokwenda, alivyokiri, alivyokataa. Alinisikiliza huku anapepeta mtama. Nilipomaliza nikamwambia, "Nisamehe mjukuu wangu. Ulinitazama, nami nikamtazama mwenye kikombe."

"Umechoka Bibi," alisema. "Lala."

Kesho yake alikwenda Mpwapwa akamrudishia Athuman mita ya kupimia umeme na bisibisi alizokuwa amempa. Athuman alizikataa, akazirudisha kwa mtu wa basi. Debora alizipeleka tena. Tangu hapo anaamka alfajiri, anachukua jembe, anakwenda shambani, anarudi na kuni. Watu walipomletea redio alisema hajui. Mwanzo walidhani ana hasira, wakambembeleza. Baadaye wakazoea kupeleka redio zao Mpwapwa.

Mvua zilizofuata, redio ya mume wangu ilinyamaza. Ile aliyoifungua akiwa mtoto. Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu, Debora alipotoka shambani na kunawa, niliiweka mbele yake juu ya mkeka.

Aliitazama. Akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza, na nikaona anaisogeza puani, pua yake inagusa matundu ya nyuma. Akahama kidogo, akanusa tena. Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye skrubu ya kwanza, kikatulia hapo.

Kisha akaiweka chini. Akachukua kanga yangu, akaifunika redio vizuri pande zote, vumbi lisiingie.

"Sijui redio, Bibi," alisema, na akaenda kuwasha moto.